Balbu za LED za E40 kwenye taa kongwe za mekyuri na sodiamu: zipi za kununua, zipi za kuacha dukani

Kwa mwenye ghala, kinu cha mpunga au karakana inayomulikwa na taa za kengele za mekyuri (zebaki) za wati 250, balbu ya LED yenye kofia ya E40, yaani ya uzi mnene wa milimita 40, ni ununuzi mzuri, mradi fundi afungue taa yenyewe na kuondoa kapasita na choki, vile vifaa vilivyokuwa vikiendesha balbu ya zamani, kabla ya kuifunga. Kwa mwenye taa za sodiamu za wati 400, ziwe za kurusha mwanga yadini au za kichwa chembamba juu ya nguzo, jibu letu ni hapana. Hiyo fedha aiweke kwenye taa nzima mpya ya LED. Kati ya hizo mbili kuna sodiamu za wati 150 na 250, na hapo ndipo watu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanapotupa hela, kwa sababu wanaangalia balbu wasiangalie kile inachoingizwa ndani yake.

Tuanze na balbu zenyewe. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme, Mwanjelwa au Iringa mjini, utakutana na namna tatu.

Ya kwanza ni ile ya umbo la gunzi la muhindi ambalo vijitaa vyake viko wazi, bila kifuniko. Hiyo iache. Nyingi za namna hiyo hazina draiva (kisehemu kinachogeuza umeme uwafae vijitaa) iliyotenganishwa na umeme wa laini, kwa hiyo vile vijitaa ukivigusa vikiwa vimewaka unagusa volti 230. Fundi anayepanda ngazi kufuta vumbi hana habari hiyo. Ya pili ni gunzi lenye kifuniko cha plastiki na feni ndogo kichwani. Mwanga wake ni mzuri siku za mwanzo, lakini kwenye kinu cha Igurusi au Ubaruku vumbi la pumba linaingia kwenye feni, feni inakwama, joto linapanda, na balbu inakufa. Kwenye mashine za mbao za Mafinga ni hadithi hiyohiyo, ila badala ya pumba ni unga wa mbao. Ya tatu ni yenye mwili wa alumini wenye mapezi, haina feni, na ina kifuniko angavu juu ya vijitaa. Ni nzito kuliko zote na bei yake iko juu, nayo ndiyo pekee tunayoipendekeza kwa kazi ya vumbi.

Uzito wake haupuuzwi. Balbu ya mekyuri ni kioo chembamba tu, wakati gunzi la alumini la wati 100 linaweza kupita kilo moja. Holda ya kauri ya E40 inaubeba uzito huo bila shida ikiwa taa inaning'inia wima. Ikiwa imelala, kama zilivyo taa za barabarani, uzito wote unavuta upande mmoja wa holda na skrubu zake zinalegea taratibu. Mahali penye mashine za kukoboa pia kuna mtikisiko wa kutwa nzima unaofungua uzi wa balbu. Balbu nzuri huja na kitundu cha kupitisha waya wa usalama. Kama hakipo, funga waya wa chuma kisichoshika kutu kuzunguka shingo ya balbu hadi kwenye mwili wa taa, ili ikichomoka isimwangukie mtu.

Sasa wati. Maandishi ya boksi yanayosema LED ya wati 100 ni sawa na taa ya wati 400 yasikushawishi. Linganisha lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaotoka. Balbu ya mekyuri ya wati 125 ikiwa mpya hutoa kama lumeni 6,200, ya wati 250 kama 13,000, ya wati 400 kama 22,000. LED ya heshima inatoa lumeni 110 hadi 130 kwa kila wati. Kwa hiyo mekyuri ya 125 inachukuliwa nafasi na LED ya wati 50 (angalia kofia kwanza, maana nyingi za 125 ni E27, yenye uzi mwembamba), ya 250 na LED ya wati 100, na ya 400 na wati 150 hadi 180. Mekyuri ina tabia moja inayosaidia LED kuonekana shujaa: inazeeka bila kufa. Inaendelea kula wati zilezile huku mwanga ukishuka mwaka hadi mwaka, kiasi kwamba wenye ghala wanadhani giza lile ndilo la kawaida.

Sodiamu ni mnyama mwingine. Ya wati 250 hutoa karibu lumeni 27,000 na ya 400 hufika 48,000 na zaidi. Hakuna gunzi la wati 100 litakalofika huko, na gunzi la wati 300 halitaingia ndani ya taa. Balbu ya sodiamu ya wati 250 ya umbo la bomba ina kipenyo cha kama milimita 46 tu, na kioo cha ndani cha taa ile, yaani rifleta, kilikunjwa kwa hesabu ya kijiti chembamba cha mwanga kilichoko katikati. Ukiweka gunzi la milimita 90 au 100, kwanza mara nyingi linagoma kuingia, na likiingia mwanga hautoki pale ulipokusudiwa. Taa iliyokuwa ikipeleka mwanga mbali kwenye yadi ya malori Tunduma au Makambako sasa inamulika chini ya nguzo yake na kuacha katikati ya yadi giza. Ndiyo maana tunasema taa hizo za kurusha mwanga zisibadilishwe balbu. Taa nzima ya LED ya kurusha mwanga, yenye lenzi zake, itafanya kazi hiyo kwa wati chache na bila kupoteza nusu ya mwanga ndani ya bati.

Sodiamu inazidiwa kwenye rangi. Mwanga wake ni wa njano wa takriban kelvini 2,000 na kipimo chake cha kuonyesha rangi ni kama 25 kwa 100, kwa hiyo huwezi kutofautisha waya wa kahawia na mwekundu. LED ya kawaida inafika 80. Kwa karakana, kwa kupanga madaraja ya mchele au majani ya chai, tofauti hiyo peke yake inatosha kuhalalisha gharama. Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, kutoka njano hadi buluu; chagua 4,000. Ile ya 6,500 inapendwa dukani kwa sababu inaonekana kali, lakini inachosha macho ya watu wa zamu ya usiku na inaita wadudu zaidi. Msimu wa kumbikumbi utaona tofauti, ingawa zote mbili zinaita wadudu wachache kuliko mekyuri, ambayo inatoa mwanga mwingi wa buluu na wa urujuani.

Turudi ndani ya taa, maana huko ndiko uamuzi uliko.

Taa ya mekyuri ina choki na kapasita. Taa ya sodiamu ina choki, kapasita na ignaita. Choki inazuia mkondo usipande bila kikomo, kapasita inarekebisha pawafakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi na ule unaovutwa) iliyoharibiwa na choki, na ignaita inapiga mapigo ya volti 2,800 hadi 5,000 ili kuwasha gesi ndani ya balbu. LED ya kuunganishwa moja kwa moja kwenye 230 haihitaji hata kimoja. Mafundi wengi wanaelewa hatari ya ignaita: ukiiacha inaendelea kuchapa mapigo yake kwenye draiva ya LED, na draiva haikuumbwa kwa volti elfu tatu. Balbu inaweza kufa usiku uleule, au ikakaa wiki kadhaa ikianza kupepesa, kisha kimya. Mteja analalamikia duka, duka linalalamikia kiwanda, na ignaita bado iko palepale ikisubiri balbu ijayo.

Kinachosahaulika ni kapasita. Mekyuri ya wati 250 kwa kawaida ina kapasita ya maikrofaradi 18. Kwenye volti 230 na hezi 50, kapasita hiyo peke yake inavuta ampia 1.3, iwe balbu ipo au haipo. Chukua ghala lenye taa 12: hizo ni zaidi ya ampia 15 zinazokwenda na kurudi kwenye waya bila kufanya kazi yoyote, wakati LED zote 12 za wati 100 zinahitaji ampia 5 na kidogo. Breka ya ampia 16 inaweza kuanguka na fundi akahangaika kutafuta shoti isiyokuwepo. Kwa mteja wa T1, yaani wa kundi la kawaida la bei za umeme, mita ya LUKU haihesabu mkondo huo kama uniti, hivyo hautauona kwenye matumizi, ila waya zinapata joto. Kwa kiwanda kilicho kwenye T2 au T3, makundi ya wateja wakubwa, ambako TANESCO inatoza pia kilele cha mzigo kwa kVA (mkondo wote unaovutwa, hata usiofanya kazi), kapasita zilizoachwa zinaingia kwenye ankara. Sodiamu ya 250 ni mbaya zaidi: kapasita yake ni maikrofaradi 32 au zaidi, inavuta ampia 2.3 kwa taa moja.

Choki yenyewe inasingiziwa. Wauzaji husema "choki inakula umeme", na ni kweli ikiwa na balbu ya mekyuri, maana taa ya 250 kwa jumla inavuta karibu wati 270. Lakini upotevu wa choki unafuata mraba wa mkondo. Mekyuri ya 250 inapitisha ampia 2.1, LED ya wati 100 inapitisha chini ya nusu ampia. Ukiiacha choki pale, itapoteza chini ya wati moja au zaidi kidogo. Sababu halisi ya kuiondoa ni nyingine: ni kifaa cha miaka mingi chenye vanishi iliyokauka, kila unapozima taa kinarusha volti kwenye draiva, na kikiungua utakuwa na taa nzuri isiyowaka.

Zipo balbu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja na choki. Philips wana TrueForce, LEDVANCE wana HQL LED, na zote zina orodha ya choki zinazokubalika kwenye karatasi ya maelezo. Ukizipata za kweli, na taa ni ya mekyuri isiyo na ignaita, fundi anafungua balbu ya zamani na kufunga mpya. Lakini boksi lisilo na jina linaloandika tu kwamba balbu inafaa na choki bila kusema choki gani, lichukulie kama halijaandikwa kitu.

Kazi ya kubadili sakiti ni ya dakika 30 kwa taa kwa fundi aliyezoea, na hufanywa hivi. Zima breka ya njia hiyo, ifunge au weka mtu hapo, kisha hakikisha kwa tesita ya ncha mbili kwamba umeme haupo kwenye tamino. Kalamu ya tesita haitoshi. Subiri dakika 5 kapasita ipungue chaji kupitia rezista yake. Kwenye taa kongwe rezista hiyo mara nyingi imekatika, kwa hiyo pima volti kwenye ncha za kapasita kabla ya kugusa. Ondoa kapasita, ignaita na choki. Usizikate tu na kuziacha zinaning'inia ndani. Toa uzito huo wote, bomba la kuning'inizia litakushukuru.

Waya zinazotoka tamino hadi holda zibadilishwe bila mjadala. Zimepikwa na joto la balbu ya zamani kwa miaka na ganda lake linavunjika ukilikunja. Tumia waya wa silikoni wa milimita za mraba 1.5. Laivu iende kwenye kitufe cha katikati ya holda, nyutro kwenye uzi. Hili linageuzwa mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na likigeuzwa, anayefunga balbu anagusa uzi wenye umeme. Athi ibaki kwenye mwili wa bati, na skrubu yake isuguliwe hadi chuma kionekane. Kitazame kitufe cha katikati: kikiwa cheusi au spring'i yake imelala, badilisha holda. Kabla ya kufunga balbu, pima insuleshini kwa mega ya volti 500. Chini ya megaomu 1, kuna unyevu au waya uliochubuka.

Mwisho bandika lebo ndani na nje ya taa: LED TU, 230V MOJA KWA MOJA, HAINA CHOKI. Hii si pambo. Balbu ya mekyuri huwaka yenyewe bila ignaita, na bila choki mkondo wake unapanda bila kizuizi hadi breka ianguke au kioo kipasuke kichwani mwa aliye kwenye ngazi. Fundi wa mwaka ujao hajui ulichofanya isipokuwa umemwandikia.

Tumetaja mashine za mbao, na hapo kuna jambo la usalama ambalo halipatikani kwenye boksi. Draiva ya bei nafuu inaacha mwanga upepese mara 100 kwa sekunde. Msumeno wa duara unaozunguka mara 1,500 kwa dakika unasogea robo mzunguko katika kila pigo moja la mwanga, na kwa meno yaliyopangwa sawasawa unaweza kuonekana umesimama au unarudi nyuma polepole. Mtu anapeleka mkono. Balbu za zamani nazo zilipepesa, ndiyo maana viwanda vilivyopangwa vizuri viligawa taa za ukumbi mmoja kwenye fezi tatu. Ukibadili kwenda LED usivunje mgawo huo. Na kabla ya kununua, elekeza kamera ya simu kwenye balbu iliyowaka. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, iache hiyo balbu, hata kama ni kwa bei ya kutupa.

Kamera haikuambii wati halisi. Hilo mita ya LUKU inaweza kukuambia. Zima kila kitu nyumbani au dukani, acha balbu hiyo peke yake, tazama kitaa chekundu kinachomeremeta kwenye mita. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, balbu ya wati 100 itakifanya kimeremete mara moja kila sekunde 36. Ikichukua sekunde 60, umeuziwa wati 60. Ni kipimo kisicho na gharama na hakidanganywi na pawafakta mbovu kama inavyodanganywa klampu ya ampia. Muuzaji anayekuwashia balbu kaunta kwa sekunde kumi hajakuonyesha kitu. Mwombe iwake nusu saa, kisha shika mapezi ya alumini: yakiwa ya moto joto linatoka kwenye vijitaa kama inavyotakiwa, yakiwa baridi huku kifuniko kinachoma, mapezi ni mapambo.

Baridi ya nyanda hizi ni rafiki wa LED. Usiku wa Juni Njombe au Makete, mekyuri inachelewa kushika mwanga, LED inawaka papo hapo na kuishi zaidi, kwani kapasita za ndani ya draiva huongeza maisha takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Lakini faida hiyo inapotea ukiifungia ndani ya taa yenye kioo kilichofungwa kabisa. Hapo nunua iliyoandikwa kwamba inafaa taa zilizofungwa, au shusha wati kwa theluthi.

Radi ndiyo adui. Kuanzia Novemba hadi Aprili laini za huku zinapigwa sana, na choki uliyoiondoa ilikuwa ikipunguza kidogo makali ya mrusho, yaani volti inayoruka ghafla. Chagua balbu iliyoandikwa kinga ya 4 kV au zaidi, na weka kwenye bodi kinga ya mrusho ya aina ya 2, yenye waya mfupi kwenda athi iliyo hai. Kaza na nyutro kuu ya fezi tatu. Nyutro ikilegea, fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kuelekea volti 400 na kuua balbu zote za upande huo kwa mara moja. Mwisho wa laini vijijini tatizo ni kinyume, volti inashuka hadi 180. Hapo balbu iliyoandikwa AC 85–265V inabaki imara, ya 220–240V inafifia.

Kuhusu marejesho, hesabu ni nyepesi. Taa 12 za mekyuri za 250 kwa saa 10 za usiku zinakula uniti 32 na kitu. LED za wati 100 zinakula 12. Kwa mteja wa T1, ambaye shilingi 10,000 humpa takriban uniti 28, tofauti hiyo ni kama shilingi 7,300 kila usiku. Gawa bei ya balbu zote pamoja na waya na ujira wa fundi kwa 7,300, upate idadi ya siku. Bei tofauti kati ya gunzi la feni na la alumini inarudi kutokana na akiba hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana pale.

Anayesita kwa kuwa bado ana mekyuri mpya za akiba ajue kwamba Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulifunga milango ya kutengeneza na kufanya biashara ya nje ya balbu hizo kwa mwanga wa kawaida baada ya 2020, hivyo akiba ikiisha imeisha. Balbu zilizotolewa zisivunjwe, zina zebaki. Zirudishwe kwenye maboksi ya balbu mpya na kuhifadhiwa pakavu hadi zikabidhiwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Choki nzima za sodiamu zitunzwe kwa ajili ya zile taa za yadi ambazo bado hazijabadilishwa, kila moja iandikwe wati zake, kwa sababu choki ya 400 kwenye balbu ya 250 inaiua balbu mapema.